Tunachangia watoto, lakini wanaoongoza huduma zao tunawaacha peke yao

Mtunza Faili

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nimefanya kazi miaka 14 kwenye huduma za watoto na vijana walio katika mazingira hatarishi. Nilianza kama afisa wa kutembelea familia, baadaye nikawa msimamizi wa maofisa sita. Ndani ya miaka hiyo nimefanya kazi chini ya wakurugenzi saba. Kila mmoja alikuja na mpango wake na fomu zake, na kila alipoondoka fomu hizo ziliingia kabatini tukaanza kujaza za mwenzake.

Wa tano ndiye anayenifanya niandike leo. Wiki yake ya kwanza hakuitisha taarifa za idara. Aliomba mafaili ya vijana ambao kesi zao tulizifunga kisha wakarudi tena kwetu. Akakaa nayo siku tatu. Alipotoka alituuliza swali moja: "Mbona kila faili lina mwandiko wa watu wanne, watano?" Tukamjibu kwamba watumishi wanahama, ndivyo kazi ilivyo. Hakukubali. Akaweka utaratibu kwamba hakuna mtoto atakayekabidhiwa kwa afisa mpya kwa karatasi. Anayeondoka ampeleke mwenzake hadi kwa mtoto, wakae watatu, mtoto aambiwe kwa mdomo ni nani anaondoka, nani anakuja na kwa sababu gani. Ni kazi ya nusu saa. Tulinung'unika mwanzoni. Kisha tukaona watoto ambao zamani walikuwa wanamnunia afisa mpya miezi miwili wanaanza kuongea naye siku ya pili, ya tatu.

Mwezi wake wa 19 likatokea jambo baya kwa mtoto mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi wetu. Undani wake siusemi, ni wa mtoto yule na ndugu zake. Habari zikasambaa, watu wakataka mtu wa kubebeshwa. Bodi iliyomwajiri ikakaa kimya. Wakuu wa idara nyingine waliokuwa wakimsifu vikaoni wakaacha kupokea simu zake. Na sisi wa chini yake, tuliojua ni mara ngapi aliomba aongezewe maofisa, tukanyamaza pia. Nilikuwa na nakala za barua zake mbili kwenye droo yangu. Akajiuzulu. Haukuisha mwaka, ule utaratibu wa kukabidhiana ana kwa ana ukafa, kwa sababu haukuwahi kuandikwa popote. Ulikuwa unaishi ndani ya mtu mmoja.

Sasa nije kwenye hoja. Watu wenye moyo wa kusaidia vijana hawa huleta nguo, magodoro, ada za shule. Mungu awabariki, vinahitajika. Lakini mtoto aliyeondolewa kwao hupita kwa polisi, mahakamani, ustawi wa jamii, shuleni, hospitali, kisha familia ya kambo au makao. Kila mlango una bosi wake, bajeti yake na daftari lake. Mwalimu hajui kwamba mtoto jana alikuwa mahakamani kutwa nzima. Hakimu hajui kwamba daktari alishaandika kuhusu makovu. Milango hiyo haiunganishwi na godoro. Inaunganishwa na mtu mwenye cheo cha kuwaita wakubwa wenzake kwenye meza moja, na mwenye ustahimilivu wa kuwaita tena mwezi ujao walipokataa mwezi huu. Mtu huyo tunamlaumu tu, hatumsaidii.

Kuna mifano miwili ya Marekani ambayo nimeisoma na kuirudia kwa miaka. Jimbo la Massachusetts lilikuwa na shule za maadilisho, za kuwafungia vijana waliovunja sheria, kubwa na za zamani. Ile ya Lyman ilifunguliwa 1848. Mwaka 1969 akaletwa mkuu mpya wa huduma za vijana, Jerome Miller. Alijaribu kwanza kuzirekebisha kutokea ndani, akagonga ukuta: walinzi walimsikiliza mchana, usiku wakaendelea na yao. Akaamua kuzifunga kabisa, haraka, kabla wapinzani hawajajipanga. Januari 1972 vijana wa Lyman walipakiwa kwenye magari wakapelekwa kukaa kwenye chuo kikuu pale Amherst huku wakitafutiwa mahali pa kwenda. Mwanzoni mwa 1973 Miller alikuwa ameshaondoka jimboni, ameacha maadui wengi. Lakini shule zile hazikufunguliwa tena.

Missouri walikwenda kwa mwendo mwingine. Walifunga shule yao kubwa ya Boonville mwaka 1983, wakahamishia vijana kwenye nyumba ndogo, vikundi vya vijana 10 hadi 12, na badala ya walinzi wakaweka watumishi waliofunzwa kuishi na kuzungumza na vijana. Mwaka 1988 Mark Steward akawa mkurugenzi, akakaa hadi 2005. Miaka 17! Bodi yao ya ushauri ilikuwa na watu wa vyama vyote viwili vya siasa, kwa hiyo gavana akibadilika, kazi haikuanza upya. Mwaka 2008 mfumo wao ulipata tuzo ya ubunifu serikalini inayotolewa na Chuo Kikuu cha Harvard.

Wengi wakisikia habari hizi mbili wanampenda Miller, kwa ujasiri wake. Mimi nampenda pia. Lakini nikifikiria yule mkurugenzi wetu wa tano, naona alihitaji kile alichokuwa nacho Steward: muda, na watu wa pande zote waliokubali kusimama naye kabla ya siku mbaya kufika.

Ninaposema kumsaidia kiongozi simaanishi kumpa cheti na picha ya pamoja. Namaanisha apewe miaka ya kutosha kuona mtoto aliyeingia na miaka 12 akifikisha 18. Awe na wenzake watatu au wanne wa kazi ileile mahali pengine, ambao anaweza kuwaambia "nimeshindwa" bila hofu kwamba maneno yatamrudia. Awe na mtu wa takwimu anayemweleza ukweli. Na lililo gumu kuliko yote: bodi iseme hadharani, mapema, ni hatari zipi imekubali kuzibeba pamoja naye.

Ninyi mlioko kwenye kazi hizi, au mliopita kwenye mikono yetu mkiwa watoto, mnaonaje? Nawasilisha.

Dada wa Zamu

Nimesoma mpaka mwisho, machozi yananilenga. Mimi ni mlezi wa zamu za usiku. Kwetu mkurugenzi akibadilika tunajua kwa kuona picha mpya ukutani.

Hesabu Kwanza

Mleta mada, nakuheshimu, umeandika kwa uchungu wa kweli. Lakini niruhusu nipinge.

Nimekuwa mhasibu wa miradi ya vijana kwa muda mrefu. Fedha za "kujenga uwezo wa viongozi" nimezipitisha kwenye vitabu kwa mkono wangu. Zinaishia kwenye kumbi za mikutano, tiketi na posho. Kiongozi anarudi na mkoba wenye nembo, mlezi wa usiku bado yuko peke yake na vijana 30. Chama cha Ustawi wa Watoto cha Marekani kinapendekeza afisa mmoja asizidi watoto 12 hadi 15 walio kwenye malezi ya kambo. Sasa ukiwa na fedha kidogo mkononi, na maofisa wako wana watoto 40 kila mmoja, utamlipia mkubwa mafunzo au utaajiri afisa?

Halafu hizi hadithi za Miller na Steward zinanipa shaka kidogo. Zinasimuliwa kana kwamba mtu mmoja alifanya yote. Hao watumishi wa Missouri waliokuwa wanakesha na vijana kwenye zile nyumba ndogo, nani anajua majina yao?

Mtunza Faili

Mkuu Hesabu Kwanza, umenigusa mahali sahihi, na la mafunzo ya hotelini sina la kutetea. Nimehudhuria ya kutosha.

Ila hilo swali lako, la kuajiri afisa au kumsaidia mkubwa, nimelitafakari tangu jana. Nilipokuwa msimamizi tuliwahi kupata maofisa wapya wanne kwa mpigo. Ndani ya miezi minane watatu walikuwa wameondoka. Hawakuondoka kwa sababu ya mshahara. Waliondoka kwa sababu hakuna aliyekaa nao baada ya ziara ngumu ya kwanza, na kwa sababu aliyekuwa juu yangu alitaka fomu zijazwe tu. Afisa mpya ukimweka chini ya uongozi mbovu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Na kuna mahali ambapo kumsaidia kiongozi na kumwajiri afisa vilikuwa kitu kimoja. Mahakama ya kwanza ya watoto Marekani ilianzishwa Chicago mwaka 1899, wakiisukuma wanawake akiwemo Julia Lathrop wa Hull House, nyumba ya kuhudumia maskini na wahamiaji. Sheria iliruhusu maofisa wa uangalizi wa watoto lakini ikakataza wasilipwe kwa fedha za umma. Yaani kazi ipo, mshahara hakuna. Wanawake wale wakachangishana, wakawalipa maofisa wenyewe, mpaka serikali ikakubali kubeba mzigo huo. Mwaka 1912 Lathrop akawekwa kuongoza ofisi mpya ya watoto ya serikali kuu, akakaa hadi 1921. Alianza na kitu ambacho wengi wangekiona kidogo: kusukuma kila mtoto anayezaliwa aandikishwe, ili ijulikane wangapi wanakufa na wapi.

Hapo fedha hazikwenda kwenye ukumbi. Zilikwenda kwenye mishahara ya watu waliokuwa mlangoni kwa watoto, chini ya wanawake waliojua kwa nini wanawataka pale.

Kuhusu majina ya wale wa usiku, uko sahihi na sibishani.

Mwana wa Kituo

Shikamooni wakubwa. Huwa nasoma tu humu, leo nimejiunga ili nijibu.

Mimi ni mmoja wa hao vijana. Niliingia kwenye mfumo nikiwa na miaka sita, nikatoka na 18. Nilikuwa na maofisa 11. Nimewahesabu kwa sababu nilipofikisha 18 niliomba nione faili langu, nikakuta miandiko. Kwa hiyo kaka Mtunza Faili, aliposema yule mkurugenzi "miandiko ya watu wanne, watano" nilisimama kwenye kiti.

Nataka niwaambie jinsi mabadiliko ya uongozi yanavyoonekana ukiwa chini kabisa. Mtoto hajui mkurugenzi ni nani. Anajua kama mlango wa choo unafungika. Anajua kama barua ya mama yake inamfikia ikiwa imefunguliwa. Anajua kama akisema "naogopa kulala chumba kile" mtu anaandika au mtu anacheka.

Katika miaka yangu yote ni kiongozi mmoja tu aliyewahi kulala kituoni. Alikuja bila kutangaza, akaomba godoro, akalala chumba cha wavulana wadogo, na mlezi wa zamu akiwa macho. Asubuhi alimwita fundi kabla hajanywa hata chai: taa ya korido ilikuwa imekufa miezi sita na watoto walikuwa wanakojoa kitandani kwa kuogopa giza, kisha wanachapwa kwa kukojoa. Miezi sita! Zilikuwa zimepita kamati mbili za ukaguzi, zote za mchana.

Kwa hiyo ninachoomba kiongezwe kwenye orodha ya kaka: kumsaidia kiongozi ni kumwekea karibu watu waliopita huko. Si kwa kumletea kijana mmoja siku ya sherehe asome shairi. Nimesoma mashairi matatu mbele ya wageni, hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Namaanisha tuwepo kwenye jopo la kumsaili mkurugenzi, kura yetu ihesabiwe, na tulipwe muda wetu kama mjumbe mwingine yeyote.

Na jambo moja la mwisho. Mimi niliondolewa nyumbani kwa sababu mama alikuwa hana uwezo. Hakunipiga, hakunitupa. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi mbadala, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kiongozi mwenye fungu dogo la kumsaidia mama yangu kulipa pango angezuia maofisa 11.

Dada wa Zamu

Mdogo wangu, pole. Nimetoka kukagua taa za korido sasa hivi.

Mstaafu

Marahaba, Mwana wa Kituo. Umesema maneno ambayo nilistahili kuyasikia miaka 20 iliyopita.

Nilikuwa naibu mkurugenzi, nikakaimu mara mbili. Nataka niongeze kuhusu hofu, kwa sababu ndiyo inayoua viongozi wazuri kabla hawajakomaa, na watu wa nje hawaioni.

Tazameni Uingereza. Februari 2000 alifariki binti wa miaka 8, Victoria Climbié, London, kwa mateso ya waliokuwa wakimlea. Uchunguzi wa Lord Laming ukatoka 2003 na mapendekezo 108. Ulionyesha kwamba kulikuwa na nafasi zisizopungua 12 ambapo huduma zingeweza kumwokoa. Na Laming hakuishia kwa afisa wa chini. Alisema wazi kwamba wakubwa walipaswa kujua na walipaswa kuwajibika. Hilo lilikuwa haki. Mkubwa asikwepe.

Lakini ukaja msiba mwingine, wa mtoto wa miezi 17, Agosti 2007, katika eneo lilelile la Haringey, London. Habari zilipolipuka mwishoni mwa 2008, waziri alitangaza mbele ya kamera kwamba mkurugenzi wa huduma za watoto anaondolewa. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ikasema kuondolewa kwake hakukuwa halali, kwa maana hakupewa nafasi ya haki ya kujieleza. Sitaki kubishana hapa kama alikuwa kiongozi mzuri au mbaya. Nataka mtazame kilichowapata wengine waliokuwa wanaangalia televisheni siku ile. Maombi ya kuwaondoa watoto kwenye familia zao yaliongezeka nchini kote. Maana ukiogopa, unamwondoa mtoto. Hakuna aliyewahi kutangazwa kwenye habari kwa kumtoa mtoto kwa mama ambaye angebaki naye salama. Ndiyo habari ya mama yake Mwana wa Kituo.

Kisha Profesa Eileen Munro akapewa kazi ya kuuangalia mfumo mzima. Ripoti yake ya mwisho ya 2011 ilisema, kwa ufupi, kwamba miaka ya taratibu juu ya taratibu ilikuwa imewafanya maofisa wafuate karatasi badala ya kumfuata mtoto. Kila msiba uliongeza fomu, kila fomu ikala muda wa kukaa na mtoto. Nilipoisoma nilijiona mwenyewe. Nilipokaimu mara ya pili niliongeza fomu tatu, zote baada ya tukio moja, zote kwa ajili ya kujilinda. Sijui mtoto hata mmoja aliyenufaika na fomu zile.

Mtunza Faili, swali moja mwanangu. Zile barua mbili bado unazo?

Mtunza Faili

Ninazo, mzee wangu.

Karani wa Mahakama

Naingia kidogo kuhusu hilo la "utaratibu uliokuwa unaishi ndani ya mtu mmoja", maana ndiyo sehemu iliyonishika.

Nyuzilandi katika miaka ya 1980 watoto wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wanachukuliwa na kuwekwa kwenye taasisi kwa wingi, na wazee wao walikuwa wakisema kwamba ukoo umenyang'anywa nafasi ya kuamua. John Rangihau, kiongozi wa Kimaori, akaongoza kamati iliyozunguka kusikiliza watu na kuandika ripoti kali kuhusu ustawi wa jamii ulivyoendeshwa. Rangihau alifariki 1987. Sheria ilipita 1989, na ndani yake kikawekwa kikao cha familia: kabla ya uamuzi mkubwa juu ya mtoto, ndugu wanaitwa, wanaelezwa hali ilivyo, kisha maofisa wanatoka nje na kuwaacha ndugu peke yao wazungumze na kuleta mpango.

Hiyo ya maofisa kutoka nje imeandikwa kwenye sheria. Afisa hawezi kusema leo nina haraka. Waziri akibadilika, mkurugenzi akibadilika, familia bado wanaachiwa chumba. Haikumaliza matatizo ya nchi ile, na malalamiko ya Wamaori kuhusu watoto kuchukuliwa yameendelea hadi miaka ya karibuni. Lakini kikao kipo, miaka zaidi ya 30 baada ya mzee yule kuzikwa.

Kwa hiyo mimi nikiwa na uwezo wa kumsaidia kiongozi kwa kitu kimoja tu, ningemlipia mwanasheria wa kuandika. Watu wengi wazuri wanajua kutenda, hawana wa kuwageuzia matendo yao kuwa kanuni.

Hesabu Kwanza

Hii ya mwanasheria ningeipitisha kwenye vitabu bila swali. Fungu la pango la mama pia. Naona kumbe tunachobishania si kama viongozi wasaidiwe. Ni fedha inunue nini.

Mpya Kazini

Habari zenu. Nimeusoma uzi huu mara mbili na mikono inatetemeka kidogo.

Niliteuliwa wiki tatu zilizopita kuongoza kituo cha vijana wanaoletwa na mahakama. Nimetoka kwenye ualimu. Nina vijana 46 na watumishi 19. Nimeandaliwa mafunzo ya uongozi ya siku tano mwezi ujao, na hakuna aliyeniuliza nahitaji nini. Kwa kuwa ninyi mmepita huko, naomba msiniogopeshe, niambieni tu nianze wapi.

Mstaafu

Karibu sana, mama, na pole na majukumu.

Andika. Kila unapoomba mtumishi, kila unapoona hatari, iwe barua yenye tarehe, nakala kwa mwenyekiti wa bodi, nakala kwako nyumbani. Usiiandike kwa nia ya kumkomoa mtu. Waandikie ili siku mbaya ikifika wawe walishajua, na pengine wakijua mapema siku hiyo isifike. Halafu omba kikao na bodi kabla mambo hayajaharibika, uwaulize: tukimruhusu kijana kwenda kumwona mama yake mwisho wa wiki na asirudi, mtasema nini hadharani? Jibu lao liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Wakikataa kujibu, umeshajua uko na watu gani.

Na tafuta wawili watatu wa nafasi kama yako, nje ya eneo lako. Mzungumze kila mwezi hata kama hakuna jipya. Mimi sikuwa nao. Nilidhani kukaa kimya ndiyo heshima ya cheo.

Mwana wa Kituo

Dada, lala kituoni usiku mmoja, lakini mlezi wa zamu na vijana wajue kwa nini uko pale. Usiende kama mkaguzi. Baada ya hapo waulize vijana ni muda gani wa siku wanauogopa. Usiulize "mna matatizo gani", watasema hakuna.

Dada wa Zamu

Na ukilala, kaa na mlezi wako wa usiku saa nane, saa tisa hivi. Hapo ndipo watoto wanaongea, na sisi ndio tunaosikia. Mimi nimeshasikia mambo mengi saa tisa usiku ambayo asubuhi hakuna daftari la kuyaandika.

Hesabu Kwanza

Mama, nitumie ujumbe wa faragha. Tutaipitia bajeti yako mstari kwa mstari, jioni mbili zinatosha, sitaki malipo. Anza kwa kutazama kiasi unacholipa kwa saa za ziada na kiasi unachotumia kuwasafirisha vijana kwenda kuonana na ndugu. Mara nyingi cha kwanza ni kikubwa na cha pili ni sifuri, na hapo utaona pa kuhamishia. Na ile siku tano ya mafunzo, waulize kama fedha hiyo inaweza kulipia mtu mzoefu akutembelee mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima badala yake. Wafadhili wengine wanakubali ukiwauliza kwa maandishi.

Mtunza Faili

Wakuu, nimechelewa kurudi, nina sababu.

Mzee Mstaafu aliponiuliza kuhusu zile barua nilikaa siku mbili. Juzi nikampigia yule mkurugenzi wetu wa tano. Sikuwa nimeongea naye tangu aondoke. Nikamwambia nilikuwa na barua zake na nilinyamaza, na kwamba naomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha hakuuliza chochote kuhusu barua. Aliuliza kama bado tunapelekana kwa watoto ana kwa ana. Ilinibidi niseme hapana.

Leo asubuhi nimekaa na wasimamizi wenzangu wawili, tumeuandika ule utaratibu, ukurasa mmoja, na tumeupeleka kwa mkurugenzi wa sasa usainiwe kama kanuni ya ofisi. Hajasaini bado. Amesema ataupitia. Kwenye maofisa wangu sita tumeshaanza bila kusubiri.

Mama Mpya Kazini, mimi nina moja tu: omba mafaili ya waliorudi.

Mpya Kazini

Nimeomba. Karani ameuliza ni ya mwaka upi, nimemwambia yote. Ameniletea maboksi mawili na kusema la tatu liko stoo, halijafunguliwa tangu aajiriwe. Nimelala kituoni jana pia. Saa tisa usiku kijana mmoja alikuja kukaa karibu na mlezi, akasema yeye anaogopa Jumapili, kwa sababu ndiyo siku ya wageni na hajawahi kuitwa.

Nimeanza na faili lake. Kuna anwani ya shangazi humu ndani, imeandikwa kwa penseli, na sioni mahali palipoandikwa kwamba mtu aliwahi kwenda.